Ombi la Kuhesabu Bega la Bibi Yangu kuwa Sehemu ya Gita la Besi

Albertville, Jumanne tarehe 12 Agosti 1958

Kwa Papa Eugène,
Président wa Orkesta Upepo wa Lukuga

Papa Président,

Ninakuandikia nikiwa nimevaa tai, ingawa niko nyumbani kwangu, ili ujue kwamba jambo hili si la mchezo. Mimi ni Isidore, mpigaji wako wa gita la besi, karani katika biro, yaani ofisi, ya bandari, na tangu wiki tano mume wa Adrienne. Hilo la mwisho ningependa kuliandika la kwanza, lakini Adrienne anasema watu wamechoka kulisikia.

Jumapili baada ya mazoezi ulitangaza mbele ya wote kwamba kuanzia sasa hakuna bibi wa mwanamuziki atakayepanda jukwaani, na kwamba kwenda Kabalo, kwenye karamu ya watu wa reli, watapanda treni wanamuziki na vyombo vyao tu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimelishika gita kwa mikono miwili, sikuweza kupiga makofi, na hata kama ningeweza nisingepiga. Siku nne bila Adrienne ni nyingi kuliko siku zote nilizoishi kabla ya kumjua. Naomba kwa heshima sheria hiyo ibadilishwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Gita langu haliwezi kukaa sawa bila yeye. Hapa inanibidi nikiri upumbavu wangu mwenyewe, na ninaukiri kwa maandishi. Gita la besi la umeme nililiona katika gazeti la Ulaya, picha isiyozidi kidole gumba. Vipimo havikuwemo. Basi nikaenda parokiani, nikapima kontrabasi ya wapadri, ile kubwa inayosimama chini kama mtu, na urefu wa shingo yake nikaupeleka wote kwa Papa Maliki, fundi wa mitumbwi. Sikufikiri kwamba chombo kinachosimama chini kinabebwa na dunia, lakini chombo cha kuvaa kitabebwa na Isidore.

Papa Maliki alikuwa hajawahi kutengeneza gita. Alichonga, akakaza vigingi vinne vya chuma kichwani ili vivute nyuzi, na alipotaka kujua kama limekaa sawa hakunivalisha. Alilitia ziwani. Mara ya kwanza kichwa kilizama kwa ajili ya vile vyuma, kwa hiyo akakiongezea ubao, kisha ubao mwingine, mpaka likaelea limenyooka kabisa. Akaniita nije kuona. “Angalia mwenyewe, mutoto,” akasema. “Haliinami mbele, haliinami nyuma. Njo kusema limeisha, kazi imekwisha.” Mimi niliyesoma sekondari kwa mafrère, wale watawa walimu, niliyepata alama nzuri katika somo la uzito na mizani, nilitazama gita likielea juu ya maji nikatikisa kichwa kwa furaha. Nikalivaa palepale mbele ya mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani. Kichwa kilishuka moja kwa moja hadi mchangani, nami nikakifuata. Mama mmoja aliniuliza nimepoteza nini.

2. Dawa nyingine zote nimekwisha kuzijaribu. Nilitundika jiwe la chokaa la Kabimba upande wa tumbo la gita ili lipingane na kichwa. Gita likatulia, lakini nikawa natembea nimejipinda kwa nyuma kama mama aliyekaribia kujifungua, na watu wawili walinipisha kitini. Nilifunga kamba kutoka kichwa cha gita hadi kwenye boriti ya paa, lakini katika kila wimbo wa haraka nyumba ilianza kudondosha unga wa mchwa juu ya saksofoni. Nilibeba shingo kwa mkono wa kushoto, kama wengine wanavyofanya. Lakini mkono huohuo ndio unaotakiwa kubonyeza nyuzi, na mkono unaobeba mzigo haubonyezi vizuri. Wewe mwenyewe uliniuliza kwa nini besi yangu inasikika kama mtu anayehamisha makabati.

3. Kisha nikaoa. Papa Président, sijui kama uliwahi kulitazama bega la kushoto la bibi yangu. Natumaini hapana. Nilipima kwa rula ya biro: kutoka chini hadi begani ni mita moja na sentimita thelathini na moja, na shingo ya gita langu, nikisimama kwa raha, iko mita moja na sentimita thelathini na moja. Nilipima mara tatu. Mara ya tatu Adrienne alisema inatosha, chai inapoa. Alizaliwa Kiambi, akakua kwa kuchota maji ya mto Luvua, akaletwa hapa Albertville kwa shangazi yake, yote hayo ili akome kukua kwenye kipimo cha gita ambalo lilikuwa bado ni mti. Anasimama kando yangu, amekunja kitenge begani, kichwa cha gita kinalala pale, na mkono wangu wa kushoto unakuwa mwepesi kabisa. Tena sauti ya nyuzi nene inapita katika mfupa wake kabla ya kufika kwenye ampli ya kukuza sauti, na nikikosea ananifinya kiunoni. Hakuna chombo cha Ulaya chenye faida hiyo.

Najua kwamba watu wanacheka. Kule Kabimba, kwenye dansi ya wafanyakazi wa simenti, bibi mmoja alisema kwa sauti iliyoshinda ngoma zetu: “Huyu kijana alioa bibi ao alioa meza?” Ukumbi mzima ulicheka, na Mama Pétronille, bibi yako, alicheka hadi akatoka nje. Sikukasirika. Nilikuwa napiga vizuri mno kuweza kukasirika.

4. Zahoro wa saksofoni amejitolea kutoa bega lake badala ya Adrienne. Ninamshukuru, lakini tulijaribu kwa wimbo mmoja. Zahoro ni mrefu, kwa hiyo shingo ya gita ilielekea mbinguni na vidole vyangu vikawa vinapanda mlima. Zahoro anapopuliza anatikisika, na anapotikisika noti ya *la* inakuwa noti isiyojulikana. Mwishoni aligeuka kumtazama msichana fulani, na gita likanipiga sikio. Zaidi ya hayo yote, mimi simpendi Zahoro. Ninamheshimu tu.

5. Sheria yako inasema wanamuziki na vyombo vyao watasafiri. Ninakubaliana nayo neno kwa neno. Lakini chombo ni nini? Ampli ina miguu minne, na hakuna aliyewahi kuiacha miguu yake nyumbani kwa sababu si ampli yenyewe. Ngoma ina kiti cha mpiga ngoma, na kiti kinapanda treni. Basi na bega la Adrienne lipande, pamoja na Adrienne mzima, kwa kuwa sioni njia ya kulisafirisha peke yake. Nilimweleza kwamba angeandikwa katika orodha ya vyombo, kati ya maraka na sanduku la waya. Akaenda kuosha vyombo vya jikoni. Nachukua hiyo kuwa kibali.

6. Kwa hiyo naomba ashonewe shati la orkesta kama sisi, lenye pamba begani. Awemo katika picha itakayopigwa Kabalo. Na katika kanuni zetu kiandikwe kifungu kwamba mwanamuziki ambaye hajaoa atapimwa urefu pamoja na chombo chake, ili achague mchumba kwa kufuata vipimo. Mpiga trompeti anaweza kuoa yeyote. Wengine wajihadhari.

Ukikataa, Papa, mimi nitakwenda Kabalo kama mtumishi mwaminifu, na watu wa reli watacheza kwa besi ya mtu anayehamisha makabati. Lawama haitakuwa yangu.

Nisalimie Mama Pétronille, na umwambie nimemsamehe. Nisalimie watoto wako wote, wapiga ngoma wote wawili, Papa Maliki ukimwona ufukoni, wapadri wenye kontrabasi, hata Zahoro.

Ni mimi mpigaji wako, mtiifu katika kila jambo isipokuwa hili,

Isidore

Nyongeza, Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Sitaiandika barua upya, kwa kuwa karatasi nzuri za biro zimekwisha, lakini tafadhali usome hapa kabla ya kuamua.

Jana nilimsomea Adrienne barua hii yote, nikitegemea machozi ya furaha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kitenge akanionyesha bega. Lina alama nyeusi kubwa kama kiganja changu. “Linaniuma tangu Kabimba,” akasema. “Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi. Lakini Isidore, niliolewa na mupiga muziki, na tangu ndoa sijacheza hata wimbo moja.”

Nilikwenda kuchemsha maji ya kulikanda bega. Ni jambo geni kwangu, wewe unajua.

Leo asubuhi, nilipokuwa kazini, alilibeba gita hadi kwa Papa Maliki, akamwambia akate kichwa chote. Papa Maliki alikataa, akisema halitaelea tena. Adrienne akamjibu kwamba hakuna atakayeogelea nalo. Likakatwa. Sasa nyuzi zimefungwa kwenye kipande cha chuma mwisho wa shingo, na vigingi vyote vinne vimehamia upande wa chini, nyuma ya mkono wangu wa kulia. Nimelivaa leo saa sita mchana. Halishuki. Nimeachia mikono yote miwili, nikatembea hadi mlangoni na kurudi, nalo limetulia kifuani. Gita lisilo na kichwa, na limepata akili kuliko mwenye nalo.

Kwa hiyo sababu zangu zote sita zifutwe. Sheria yako ni nzuri, Adrienne asipande jukwaani. Lakini naomba aje Kabalo, asiandikwe katika orodha ya vyombo, aje kwa sababu namtaka aje tu, na akae chini ukumbini pamoja na wanaocheza. Na kati ya nyimbo za usiku ule, ninakusihi, uchague mmoja ambao orkesta inaweza kuupiga bila besi, nipate kushuka.