Tuuzieni Rondine Isiyo na Injini

Chama cha Wamiliki wa Rondine,
Vallemorra.
19 Juni

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Magari cha Galvagno,
Torino.

YAH: INJINI YA WATU WENGINE

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu za wanachama kumi na wanne, ambao hadi Jumapili ya juzi walikuwa ishirini na wanane. Mimi ni Ermete Bersano, katibu. Kwa miaka kumi na tisa nilifunga injini za Rondine katika karakana yenu, hadi siku mlipofunga milango mkatugawia kila mmoja kalamu ya ukumbusho. Ndiyo hii ninayoandikia.

Tuliposikia Rondine inarudi, tulilia. Mke wangu Ornella alifungua chupa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mazishi yangu. Kisha tukasoma kipeperushi chenu, ukurasa wa nane, kwenye maandishi ya kusomwa na sisimizi: injini imetoka kwa Wajerumani. Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Gari linawaka. Unabonyeza kitufe, linawaka. Rondine yangu ya mwaka sabini na nne huhitaji dakika ishirini za kubembelezwa kila asubuhi. Katika dakika hizo majirani hunijulia hali, nami hupata nafasi ya kujiuliza kama kweli nataka kwenda niendako. Safari nyingi za kijinga nimeziepuka kwa njia hiyo. Mwenye gari jipya nani atamwokoa?

2. Halivuji mafuta. Zamani ukitazama chini kwenye uwanja wa kanisa ulijua nani kaja misa na alisimama wapi. Leo mtu anaweza kumdanganya mkewe bila kuacha hata tone.

3. Limevunja urafiki wa miaka arobaini na moja. Quinto Allasia, aliyefunga giaboksi meza ya pili kutoka kwangu na aliyenisimamia harusi, amelinunua. Jumapili ile ilikuwa siku ya kubariki magari. Alilileta mbele ya kanisa akafungua boneti kama mtu anayeonyesha meno mapya. Juu ya injini palikuwa na kifuniko cha plastiki chenye nembo yetu ya mbayuwayu. Nikakibandua. Chini yake pameandikwa jina la watu wengine kabisa.

"Quinto," nikamwambia, "umetuletea bibi harusi aliyeazima shela ya dada yetu."

"Na wewe umemvua shela mbele ya kanisa," akajibu. "Asiye na adabu hapa ni nani?"

Watu wakacheka. Sikupenda. Nikamwomba Padri Celso abariki gari kuanzia viti kwenda nyuma, injini aiache.

"Bwana Ermete," akasema, "maji ya baraka hayana pasipoti."

Nikamshika mkono. Padri akalowa mwenyewe, chama kikagawanyika papo hapo, nusu kwa nusu, na Quinto akaondoka bila kuniaga.

4. Linawasaidia watu wasioomba msaada. Alhamisi iliyopita binti yetu Fiorenza alishikwa na uchungu wiki tatu kabla ya wakati, huko ng'ambo ya mlima, mumewe akiwa kazini melini. Mimi na Ornella tukaondoka na Rondine yetu. Kwenye kona ya kumi na moja ikazima. Nilifungua kabureta, nikasafisha plagi, nikaisihi kwa majina ya watakatifu wote ninaowajua, na wawili ninaowashuku. Mvua ikaanza. Mara Quinto akatokea. Ornella alikuwa amempigia simu nikiwa nimeinamia boneti.

"Haya, pandeni," akasema, bila kunitazama.

"Siwezi kupanda hilo. Mimi ni katibu."

Ornella alikwishafungua mlango. "Basi katibu abaki na gari lake. Bibi anakwenda kwa mjukuu."

Nikapanda. Nilikunjwa kwenye kile kiti cha nyuma mnachodai ni kiti, magoti masikioni, mikono imejaa grisi, nikihesabu kona zilizobaki kumfikia mwanangu. Nikaitegea sikio injini ile kwa nia safi ya kuichukia. Mheshimiwa, nimefunga injini maelfu. Inayodanganya naijua kwa mlio. Ile haikudanganya hata kwenye kona moja. Tulifika robo saa kabla ya mtoto. Ni wa kike, kilo mbili na nusu, mzima. Quinto alilia kunishinda mimi babu mtu, na hilo nalo nalilalamikia.

5. Lakini wema si hoja, na msimamo ni msimamo. Kwa hiyo tunaomba mtuuzie Rondine kumi na nne zisizo na injini kabisa. Viti, taa, rangi nyekundu, vyote tunavitaka. Tundu la mbele acheni wazi. Tutasukuma wenyewe. Tumejaribu kutoka baa hadi kanisani: watu sita, dakika tisa, na ni mwanachama mmoja tu aliyepata ngiri. Mlio tutatoa kwa midomo. Bwana Delmo anaiweza gia ya tatu kiasi cha kuamsha mbwa. Milimani tutafunga ng'ombe, mradi wawe wa bonde letu, si wa Uswisi.

Tunasubiri jibu lenu tukiwa tumekunja mikono ya mashati. Wasalimie mafundi wote, pamoja na mama wa kantini; na kama hayupo tena duniani, wasalimie waliorithi supu yake ya maharage.

Wenu katika uaminifu usio na injini,

Ermete Bersano,
Katibu

Nyongeza: Posta yetu imefungwa kwa ukarabati, hivyo barua hii naileta kwa mkono Jumatatu. Quinto ananisindikiza, na ameahidi kuniachia usukani tukiingia barabara kuu. Gari tutaliegesha mbele ya lango lenu. Nakusihi sana, Mheshimiwa, mafundi wasianze kulitekeleza ombi letu kwa gari hilo. Zamu ya kuendesha kurudi pia ni yangu.