Springi za Gari la Wagonjwa la Ambatofeno

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye barua yake ya udhuru imefika. Mheshimiwa Mimi, Mkuu wa Wilaya, Ramanandraibe. Wazee wa koo, wakunga, na ninyi raia wa Ambatofeno: kwa kuwa wahenga wetu wa Kimalagasi walitufunza kuomba radhi kabla ya kusema, naomba radhi mara saba kwa kusimama mbele ya walionizidi umri, ingawa hakuna aliyenizidi cheo. (Karani anapiga makofi.)

Nimekuja kuwaeleza Mkakati Jumuishi wa Ugumu wa Springi za gari letu la wagonjwa, litakaloteremka kona arobaini na tatu hadi hospitalini. Wataalamu wanasema springi zikiwa laini, gari hulala upande konani, na dereva akikata usukani hujibiwa kwa kuchelewa. Zikiwa ngumu, gari hutii usukani papo hapo, lakini kwenye mashimo tairi hurukaruka na kuiachia barabara. (Mkunga Voahangy: "Bwana Mkuu, Lalao ana uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa kitako. Gari liko wapi?")

Swali zuri, mama, linaonyesha mwamko wa asilimia tisini na mbili. Kwa miaka mitatu Kamati Ndogo ya Ulaini imevutana na Kamati Ndogo ya Ugumu, nami nikiwa mwenyekiti wa zote mbili, nikijipinga bila woga. (Mzee Rainisoa: "Mwanangu, tupishe. Machela inapita.")

Piteni, mzee, hata machela ni utekelezaji. (Wanaume wanane wanamwinua Lalao. Umati unafuata, ili wapokezane.) Tazameni pale konani, wananchi: wa upande wa bondeni wanainua mabega, wa upande wa mlima wanashusha, na mgonjwa halali upande, kama nilivyoelekeza. (Hakuna anayetazama. Uwanja umebaki na karani.)

Ugumu wa kadiri, oyee. (Karani: "Oyee.") Kona salama, oyee. (Karani anakohoa.) Nawashukuru nyote kwa kulisubiri kwa utulivu gari ambalo hatujawahi kuliagiza, maana busara ilitaka tukubaliane kwanza juu ya springi.

(Karani: "Mkuu, Mama Voahangy ameacha ujumbe. Zamu yako ya kubeba inaanza kona ya ishirini, na wanasema wanatembea upesi.")