Goti Langu na Kamba ya Akmaral

Jumatatu, 9 Septemba

Goti la kulia limegoma. Asubuhi nimekimbia hadi daraja la mbao na kurudi kama kawaida. Kwenye mteremko wa makaburini likalia ka! kama ukuni mkavu. Nimerudi nachechemea. Ng'ombe mbele, mimi nyuma.

Ng'ombe ndiye siri yangu. Mama mkwe hajui kama nakimbia. Hapa kijijini kwetu Kochkor mke wa mtu akionekana anatimua mbio barabarani, watu hutoka nje kuuliza moto uko wapi. Kwa hiyo alfajiri namfungulia ng'ombe, anajiendea, nami nafuata kumtafuta. Mama mkwe huwaambia majirani hajapata kuona ng'ombe mpotevu kama huyu, wala mkwe mwenye bidii kama mimi. Siku hizi ng'ombe ananisubiri mlangoni. Amekonda, lakini ana pumzi!

Ila habari ya leo si ng'ombe. Mwanangu Akmaral ameanza kusimama bila kushika kitu! Mama mkwe akatangaza papo hapo: Jumapili tunamkata kamba. Atafungwa miguu kwa uzi wa sufu, mweusi na mweupe. Watu watatoka mbio kutoka mbali, wa kwanza kufika atakata uzi kwa kisu, na mtoto ataanza safari yake ya duniani. Na tabia ya mkataji humwingia mtoto. Hilo halina ubishi. Kamba yangu mimi ilikatwa na mjomba ambaye hata kwenye mbio hakuwamo, alikuwa amelewa anaelekea chooni. Angalia sasa. Shule niliachia darasa la nane, na kila ninachokianza huishia kando ya njia.

Akmaral hatakuwa hivyo. Macho yale! Yule ni wa kufika mbali.

Wifi Gulbara, dada wa mume wangu, alikuwa amekaa pale anatafuna maandazi. Akasema mshindi anajulikana, watu wengine wasijichoshe. Eti shuleni alicheza mpira wa wavu. Wifi! Mdomo wake hufika mahali kabla yake! Mwanangu aje arithi mdomo ule?

Nimeapa. Nitakimbia mwenyewe na nitakata mwenyewe. Mama wa mtoto huwa hakimbii, kazi yake ni kumshika mtoto kwenye zulia, mwisho wa mbio. Hilo nitalipangia.

Kwanza goti.

Jumanne, 10 Septemba

Zahanati. Nesi akalibonyeza goti, nikamwona babu yangu marehemu. Akaniuliza nakimbia nini. Nikasema ng'ombe. Akaomba kuona viatu vyangu. Ni vya Taalai, mume wangu, vimemchakaa, na mimi huwa najaza sufu kwenye vidole ili visinivuke. Nesi akavishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Akasema: viatu vipya vinavyonienea, kitambaa cha maji baridi, mazoezi ya paja, nisishuke mteremko, na nisikimbie kabisa mpaka uvimbe uishe.

Msichana mdogo. Hajazaa hata mmoja. Atajua nini kuhusu magoti?

Nikapitia sokoni kwa bibi anayeuza mafuta ya nyegere. Akaapa kwamba mumewe alipakwa mafuta hayo na siku ya tatu akaacha mkongojo. Sikuuliza kama aliuacha kwa kupona au kwa kufa.

Nimepaka. Taalai ameingia akauliza nini kimeozea humu ndani. Nikamwambia ni dawa. Akasema, "Mke wangu, nakupenda, lakini leo nitakupendea kule dirishani." Akmaral amepiga chafya mpaka akakaa chini. Boynok, mbwa wetu, ndiye pekee aliyefurahi. Amelala mguuni pangu anatoa udenda. Hataki kutoka.

Naona hii ni dalili njema.

Alhamisi, 12 Septemba

Aibu! Aibu ya kuzikwa nayo!

Mzee Sadyr, ami yake Taalai, ndiye atakayetoa baraka na kuanzisha mbio Jumapili. Leo kaja na wazee wenzake wawili kupanga mambo. Mimi ndiye mkwe, mimi ndiye wa samovari, birika kubwa la chai. Nikakunja miguu pembeni, nikaanza kumimina. Kidogo kidogo kama inavyotakiwa, nusu kikombe, ili mgeni akirudishe tena na tena ajue anapendwa. Kila kikombe kikirudi nainama, nanyoosha mkono, goti linalia. Mzee mmoja anakunywa kama mchanga. Kila nikimaliza huyu, yule amerudisha.

Ndipo akili ikanijia. Nikijaza vikombe mpaka juu, si nitapumzika?

Nikajaza. Mpaka ukingoni! Hata nikajisifu kwa kutomwaga tone.

Mzee Sadyr akakitazama kikombe. Akamtazama mama mkwe. Akachukua kofia yake ya manyoya akasema, "Haya, tumeelewa." Wakatoka. Nyama bado iko jikoni!

Nilikuwa nimesahau. Goti lilinisahaulisha kitu anachokijua hata mtoto wa miaka mitano: kikombe kilichojaa maana yake kunywa uondoke.

Mama mkwe alishika kichwa. "Mwanangu, umewafukuza wazee wa ukoo ndani ya nyumba yangu! Kwa chai!" Wifi Gulbara akadakia kwamba tushukuru sikuwamiminia ndoo. Halafu ikaja habari kwamba Mzee Sadyr Jumapili haji. Bila baraka yake hakuna mbio. Bila mbio hakuna kukatwa kamba. Mwanangu akae amefungwa kwa sababu yangu!

Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Ng'ombe alinilamba sikio. Mtu wa maana yule.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kuomba radhi. Nilibeba maandazi ya moto na siagi.

Mzee Sadyr alikaa nje ukutani, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Nikaweka mikono magotini, nikainama kumsalimu kama mkwe anavyowainamia wakubwa. Hapo goti likajifunga. Ka! Sikuweza kunyanyuka. Nikabaki vilevile, uso chini, naangalia kuku wake. Kuku wakaniangalia. Machozi yakaanza kunitoka kwa maumivu, yanadondoka vumbini, na mimi nimeuma meno nisipige kelele.

Nikasikia mzee anavuta makamasi. Analia! Akamwita mkewe aje aone. Akasema tangu mama yake mzazi afariki hajaona mkwe aliyeinama kwa heshima namna hii, kwamba mabinti wa siku hizi wanainama kama wanakwepa tawi. "Inuka binti yangu, imetosha, nimekusamehe!" Sikuinuka. Nitainukaje? Akalia zaidi. Mwishowe mkewe alinishika kwapa akaninyanyua kama gunia la viazi.

Mzee akafuta macho akasema niombe chochote. Chochote!

Nikaomba kukimbia Jumapili.

Akakuna ndevu. Akasema haijawahi kutokea, lakini kwa mkwe mwenye moyo kama huu, na itokee. Mtoto atashikwa na bibi yake.

Niliporudi nikamweleza wifi kwa upole kabisa. Alikuwa anakunywa maziwa ya farasi. Yakampalia.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama mkwe ameshinda anasokota uzi wa kamba ya Akmaral. Sufu nyeusi ya kondoo wetu na nyeupe ya kwa jirani, imesokotwa ikakaza kama kauli yake mwenyewe. Akaniambia kwamba kamba ya Taalai na ya Gulbara alizisokota hivihivi. Akauning'iniza ukutani. Halafu akanitazama mguu, akasema, "Na wewe unaugua nini?" Nikasema ng'ombe amenikanyaga. Akaguna. Maskini ng'ombe.

Mpango wangu wa goti umekamilika. Nimeona kosa langu: nilikuwa natumia dawa moja moja. Goti linahitaji jeshi. Kwa hiyo kwanza mafuta ya nyegere. Juu yake mafuta ya mkia wa kondoo, ya moto. Juu yake jani la kabichi. Juu ya vyote, kitambaa cha manyoya ya mbwa alichonisukia mama yangu nilipojifungua mgongo ukiuma. Nesi alisema nipumzike. Nimepumzika mchana kutwa nikisubiri mafuta yayeyuke.

Shida ikawa kufunga. Kila kamba inateleza. Utambi, unateleza. Mkanda wa Taalai, unateleza! Nikatazama ukutani.

Mungu anisamehe. Uzi wa mama mkwe umekaza vizuri ajabu, hautikisiki. Pale ukutani nimening'iniza mwingine, nimefumua sufu kwenye sweta langu la zamani, nyeusi na nyeupe, nikasokota harakaharaka huku Akmaral ananivuta nywele. Kwa mbali zinafanana.

Uzi ni uzi. La maana ni nani anaukata.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika nimelala. Mguu uko juu ya mito mitatu.

Nianze mwanzo. Watu walijaa. Nyama ilikuwa kwenye sufuria kubwa, zulia limetandikwa, Akmaral kavaa kofia yenye manyoya ya bundi ya kumkinga na jicho baya, mama mkwe kamshika. Miguu imefungwa uzi wangu wa sweta. Jinsi alivyokuwa mzuri! Nikasimama kule mbali kwenye miti mirefu ya mipopla pamoja na wanawake wengine na wifi Gulbara, ambaye alikuwa amevaa viatu vyake vya mpira wa wavu. Kule kwenye zulia Mzee Sadyr akatoa baraka, akashusha mkono.

Tukatoka! Goti halikuuma hata kidogo, lilikuwa limekufa ganzi kwa joto. Wifi akanipita, akageuka akanipigia kelele, "Wifi! Ng'ombe yuko huku!"

Alikuwa anajua. Muda wote huo!

Hasira ikanipa mbawa. Nikamfikia. Ndipo nikasikia kitu nyuma. Boynok. Nyuma ya Boynok, mbwa wa jirani. Nyuma yake, mbwa ambao sijui hata ni wa nani. Mafuta yalikuwa yameanza kuyeyuka, yanatiririka mpaka kwenye soksi, na mtaa mzima wa mbwa umesikia harufu ya kondoo aliyepikwa anayekimbia.

Sijawahi kukimbia namna ile. Nilimwacha wifi kama mti. Nikaliona zulia, nikaona kisu, nikaona mwanangu ananyoosha mikono. Nikataka kusimama.

Goti likakataa kukunja.

Nikalipita zulia. Nikaipita sufuria ya nyama. Nikampita Mzee Sadyr aliyekuwa ameinua tena mikono kuomba dua. Nikaingia kwenye shamba la viazi la jirani, nikaanguka. Boynok akanikalia.

Lakini nilipogeuza kichwa, niliona. Akmaral aliona mama yake anapita anakwenda zake. Akapiga yowe. Akasimama. Akanyanyua mguu, uzi ukakatika pu! Na akaja. Alikuja! Anayumba, amefumba ngumi, kofia imemfunika jicho, hatua baada ya hatua, mwenyewe, hakuna aliyemshika, mpaka akaniangukia shingoni. Sijui nilie wapi, kwenye goti au kwenye moyo.

Wifi akafika kwenye zulia, akanyakua kisu. Hakuna cha kukata.

Zogo! Wengine wakasema hakuna mshindi. Wengine wakasema aliyetangulia kugusa zulia ni Boynok. Wifi akasema basi mtoto atakuwa na tabia ya mbwa. Mama mkwe akamjibu kwamba mbwa huamka mapema, hulinda nyumba na hasemi watu, angefurahi kama na wanawe wangekatiwa na mbwa. Mzee Sadyr akaamua: mtoto amejikatia mwenyewe, atajifungulia njia mwenyewe. Watu wakaitikia.

Mama mkwe akaokota uzi. Akauviringisha kwenye vidole. "Huu si uzi wangu."

Akaja shambani. Akatazama goti. Kitambaa kilikuwa kimeshuka, uzi wake unaonekana wote, mweusi na mweupe, umekaza. Nikafumba macho nikasubiri dunia inimeze.

Akachuchumaa karibu yangu. Akasema polepole, "Kumbe aliyekuwa bado amefungwa ni wewe." Halafu kwa sauti: "Gulbara! Lete kisu. Baraka haimwagwi."

Wifi akaukata. Pale pale kwenye viazi, watu wakarusha peremende. Mbwa wakala kabichi.

Jumanne, 17 Septemba

Goti limekuwa kama tikiti. Nesi alikuja nyumbani. Akasema nisikimbie mwezi mzima, na akarudia habari ya viatu. Wifi kaniachia vile vyake vya mpira wa wavu, akasema vinambana. Vimenienea kama nimepimiwa. Lakini siwezi kuviamini, nimerudisha vya Taalai chini ya kitanda. Vile vina bahati. Vingekuwa na kosa ningeongoza vipi?

Tabia ya wifi imeanza kuniingia. Asubuhi nimemwambia Taalai kwamba anakoroma kama trekta. Sikujua nina maneno hayo. Yamekuja vizuri.

Akmaral anatembea! Ameangusha samovari, ameangusha ndoo, anaelekea mlangoni kila akiachwa. Wa kufika mbali yule, nilisema.

Bibi wa sokoni ametuma salamu. Anasema nyegere ni dawa ya goti la kawaida, goti langu linahitaji kuumwa na nyuki. Binamu yake ana mizinga. Nyuki watano tu, asubuhi, na unakimbia siku hiyohiyo. Hata mtu mzima akifuatwa na nyuki lazima akimbie, nadhani ndiyo siri yenyewe.

Kuna shida moja. Mama mkwe sasa anajua kila kitu na ng'ombe amefungwa kwa mnyororo.

Ila kondoo hawajafungwa.