Barua Yangu Ilivyosomwa Chundwa

Wenzangu, leo nimetahayari, tena mbele ya kijiji kizima.

Mwajua nina dada yangu Chundwa, Mwana Esha. Mwezi uliopita nilimwandikia barua ndefu. (Kalamu nikiishika sijui kuitua.) Nilimweleza ukweli wa nyumba yangu: kwamba jino linaniuma, kwamba mikate ya mofa ninayomwandalia mume wangu huokwa na jirani, na jambo moja la mume wangu mwenyewe. Yote kweli tupu. Nilijiona mtu mkweli sana.

Leo asubuhi nimefika Chundwa na mume wangu, Bwana Shee, kwa akika ya mtoto wa dada. Hatujaketi, mwanamke nisiyemjua akanipa pole ya ndia, kisha akaniuliza kama jino limetulia. Nikashangaa kidogo. Wa pili akasema nikitaka atanifundisha kuoka mofa, nisihangaike kubisha kwa jirani kila asubuhi. Bwana Shee alikuwa nyuma yangu. Mikate hiyo ameisifu miaka miwili. (Na mimi sifa nimezipokea miaka miwili.)

Nikamvuta dada jikoni. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo barua alimpelekea mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu ni mzee, masikio yake mazito, na husoma kwa sauti ya kuadhini. Wanawake waliokuwa kisimani walisikia. Waliokosa waliomba isomwe tena.

"Mpaka mwisho?" nikauliza.

"Mpaka salamu," akajibu.

Mume wangu alikwisha kuketi barazani na wanaume, ubavuni mwa mwalimu. Sikupata nafasi ya kumwita. Masinia yakaletwa, watu wakanyamaza kula. Ndipo mwalimu akamgeukia kumfariji, kwa sauti yake hiyo hiyo.

"Bwana Shee, usione haya. Hata mimi lilinipata."

Kisha akalitaja lenyewe. Silirudii hapa. Nililiandika mara moja na limetosha. Barazani hakuna aliyecheka, walikuwa na adabu zao. Jikoni mwanamke mmoja alipaliwa na wali.

Alasiri Bwana Shee akaniita uani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akaniuliza kama niliandika uongo. Nikasema la.

"Basi ya kwako andika utakavyo," akasema. "Yangu uniulize kwanza."

Nikamwomba radhi, akanipa. Halafu akasema tukirudi nyumbani Amu atampelekea jirani shukrani zake za miaka miwili, yeye mwenyewe, mlangoni.

Barua hii nimemsomea kabla ya kuifunga. Amefuta mistari miwili. Iliyobaki ni aibu yangu peke yangu, nami nawaomba msicheke.