Moshi Uliozuia Mvua ya Rungwe

Kiwanda cha Chai, Mufindi
4 Desemba 1956
Mwezi wa kumi na nne tangu niondoke nyumbani

Kwa Kaka Eliezeri, Mzee wa Kanisa,

Shikamoo Kaka. Nimepata maneno yako kwamba mvua imechelewa huko Rungwe kwa ajili ya moshi wa tanuri ninalochochea hapa la kukaushia chai, na kwamba nisikanyage nyumbani mpaka inyeshe, ijapokuwa mke wangu Ikupa ananingoja na mtoto nisiyepata kumwona. Mimi niliishia darasa la tatu, nalo nililirudia, kwa hiyo unisahihishe nikikosea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeutambuaje moshi wangu? Ng'ombe hukatwa alama sikioni. Moshi hauna sikio. Huko juu umechanganyika na wa tanuri lako la matofali ya kanisa, na wa majani mnayochoma kila mwaka kabla ya kulima, na wa vyungu vya shemeji Damari, ambavyo sisemi vina nini. Nani alipanda mawinguni akauchambua?

2. Ukishikilia kwamba ni wangu tu, basi mimi namshinda Gavana, maana yeye hajazuia hata umande. Lakini mimi mkubwa huyu nina suruali moja, nayo ni mbichi tangu Jumapili kwa ukungu wa Mufindi. Wenzangu hunicheka: "Bwana Mvua, tukaushie na mablanketi yetu!" Nitakaushaje Rungwe nzima, nikashindwa na suruali?

3. Kama moshi wa watu unaharibu majira, nami naanza kuamini, basi ni wa watu wote: malori, garimoshi, viwanda vya Ulaya. Naomba kanisa litangaze dunia isipike mpaka kila mtu aungame moshi wake. Mimi nimeanza. Leo nimekula viazi vibichi. Tumbo ni shahidi.

Nisalimie shemeji, wazee wote, na Ikupa kuwapita wote.

Mdogo wako, mwenye moshi usio na alama,
Saulo

N.B. Kabla sijaituma barua hii, viazi vile vilinilaza chini, tanuri likazimika kutwa, chai ikaharibika, msimamizi akanifukuza. Sasa dereva wa lori la Mulji mwenye duka amefika kutoka Tukuyu, huko kwetu Rungwe, matope mpaka kwenye taa. Anasema mvua ilianza siku ile ile. Basi Kaka, ni mimi. Nitafika Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Mwambie Ikupa akoke moto mkubwa; suruali bado mbichi.