Chipsi Zisizo na Kiazi

Jumamosi, 6 Machi 2004

Sukari ya Baba imepanda tena. Daktari kampa mpaka Jumatano ya wiki ya pili. Ikishuka, vidonge vitatosha. Isiposhuka, sindano. Kaka Muatasim kaongeza lake: isiposhuka, Baba anahamia kwao Al Amerat, nyuma ya milima, wifi yangu Nasriya amwangalie sahani yake. Hapa Al Khuwair tutabaki mimi na Bibi, tukitazamana. Tangu Mama afariki, Baba ndiye anayeniuliza kila jioni nimesoma nini leo. Hakuna mwengine anayeuliza. Haendi popote.

Adui ni viazi. Baba hali chakula cha usiku bila ya chipsi. Nasriya anasema aziache tu. Aziache! Hayo ni mawazo ya mtu asiyesoma kemia. Nimeona katika gazeti la Kimarekani: chipsi za mboga, hazina wanga, kavu, zinalia mdomoni. Mimi nina shahada. Mboga haiwezi kunishinda.

Jumapili, 7 Machi

Kusa kilo mbili, vile vimumunye vya kijani vya sokoni. Nimevikata vijiti vyembamba, kwa rula. Mafuta kidogo, chumvi, oveni. Vimetoka kama kamba za viatu zilizonyeshewa mvua. Baba kavila vyote. Kisha akasema daktari kamuamrisha atembee baada ya kula, akavaa kofia, akatoka. Alirudi amechangamka kabisa. Kwa hivyo mboga zinafanya kazi hata kabla hazijakauka!

Jumanne, 9 Machi

Tatizo ni maji. Kusa ni maji yaliyojifanya mboga. Dawa: chumvi kwanza, kisha upepo mkavu. Kiyoyozi kikali kuliko vyote kiko chumbani kwa Bibi. Nikavitandaza vijiti juu ya kanga yake, mbele ya upepo, yeye yuko kwa jirani. Alirudi mapema. Aliuliza ni nani aliyemwaga chakula cha mbuzi juu ya kanga yake ya Unguja. Nikamweleza namna maji yanavyogeuka mvuke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akataka kanga ifuliwe.

Usiku: kamba za viatu, mara hii zenye chumvi. Baba kala zote, akatoka kutembea hata chai hakungoja. Nidhamu yake inanitia moyo.

Jumatano, 10 Machi

Nimekwenda mtaa wa Ghala, kwenye magereji, kuchongesha sinia lenye matundu, hewa ipite chini. Fundi aliuliza kizimba ni cha kuku wangapi. Nikamwambia ni cha bilingani, maana kusa nimeshaziacha. Akawaita wenzake waje wanitazame.

Sinia zuri sana. Haliingii ovenini. Vipimo nilichukua mwenyewe, lakini nilipima mlango, sikupima ndani.

Alhamisi, 11 Machi

Nasriya kaja na Muatasim, kabeba bamia za kuchemsha na samaki wa kuchoma. Baba kala vizuri. Vizuri mno, kwa maoni yangu. Nasriya alifunua sufuria yangu, akaifunika tena polepole, kama mtu aliyemkuta mgonjwa kalala. Alisema kasikia naanika mboga kama papa. Nikacheka. Naye akacheka. Kisha, mlangoni, anavaa viatu:

"Pole na kazi, wifi. Chumba cha Baba nimeshakipaka rangi."

Rangi ya maziwa, alisema. Nilitabasamu mpaka mataya yakaniuma.

Ijumaa, 12 Machi

Wanaume wamekwenda msikitini, mimi nikabaki na kemia. Nimepata! Mboga inahitaji koti. Dengu ni protini, basi unga wa dengu, kijiko kimoja. Afadhali. Vijiko vinne. Afadhali zaidi. Unga wa mchele kidogo, kwa ajili ya sauti tu, huo hauhesabiki. Thomu, bizari na giligilani, maana bilingani lenyewe halina la kusema. Oveni nimeiacha. Mafuta mengi ya moto hufunga koti upesi, kwa hivyo yanayoingia ndani ni kidogo. Karai, basi.

Niliuma kimoja. Kilisikika mpaka barazani.

Baba kala, kaongeza, kaomba vya kesho. Hakutoka kutembea. Alisema leo hana haja. Nilitaka kulia.

Jumapili, 14 Machi

Siku ya tatu ya ushindi. Koti nimelinenepesha, bilingani nimelipunguza. Bibi alikuja mezani, akachukua kimoja, akakitazama kwenye mwanga.

"Mwanangu, siku zote hizi unahangaika, kumbe unatafuta bajia? Si ungenambia. Nnazipika tangu sijaolewa."

Nikamfahamisha kwamba hii ni njia ya kisasa, na kwamba bajia hazina umbo la vijiti. Akasema kweli, umbo limeharibika kidogo. Akala vinne. Simlaumu. Zama zake hazikuwa na kemia.

Jumatano, 17 Machi

Imepanda. Tena zaidi.

Daktari aliuliza Baba anakula nini. Nikajibu mboga. Akauliza zimepikwaje. Nikaeleza, kwa hatua. Pale kwenye karai akaweka kalamu chini. Kisha akamuuliza Baba kuhusu kutembea. Baba akaviangalia viatu vyake. Akasema katembea, ndiyo, mpaka mkahawa wa kwenye kona. Chapati ya kusokotwa na jibini, ndani chipsi za pakiti, na chai ya maziwa. Kila siku ambayo kusa zilikuwa laini.

Ndani ya gari nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unanitazama kila nikitafuna," alisema. "Ningeziacha vipi?"

Nyumbani tulimkuta Muatasim na sanduku. Baba alisema sawa, atakwenda, lakini na mimi. Nani atamhadithia jioni? Bibi akauliza kiyoyozi cha huko kikoje. Nasriya, kwenye simu, alikubali sote, kwa sharti moja: mimi, Jawaher, nisikaribie jiko.

Ijumaa, 19 Machi. Al Amerat

Tumehamia. Dirisha langu linatazama mlima. Baba kapigwa sindano, hakulalamika. Kala bamia. Kisha akaniita, akaniuliza nimesoma nini leo.

Nikamwambia: boga. Nimefikiri sana kuhusu makosa yangu, na sasa ninayaona wazi. Bilingani. Bilingani ndilo lililotuangusha. Boga ni jengine kabisa, na koti lake litakuwa jembamba, karibu si koti.

Nasriya hulala baada ya chakula cha mchana. Karai limo sandukuni mwangu, chini ya nguo. Unga wa dengu kauleta Bibi, ndani ya mkoba wake. Sikumuomba.