Ubao Usiojua Kumeza Maneno

Kwa Kaka yangu, fundi wa kompyuta,

Salamu nyingi kutoka kiwanda cha kushona cha Shangazi. Ningekuambia haya ulipokuja kuufunga ukutani ubao wa alama unaotupanga kwa idadi ya mashati, lakini unajua mimi na maneno ya mdomo hatuelewani. Basi nalalamika kwa maandishi, na kwa heshima.

1. Ubao una haraka mno. Nikimaliza shati nabonyeza kitufe, na kabla sijaondoa kidole, cherehani zote zimeshajua mimi ni wa mwisho kati ya wanane. Zamani Shangazi alihesabu mashati jioni, nami nilikuwa wa mwisho mara moja tu kwa siku, tena kwa staha. Sasa ni wa mwisho kutwa nzima.

2. Ulinieleza kwamba ubao hauendi kupekua madaftari kabatini: alama zote umeziweka kichwani na watu umeshawapanga foleni, ndiyo maana unajibu papo hapo. Ahsante kwa somo. Lakini Kaka, anayeweka mambo ya watu wote kichwani na kuyasema papo hapo, Mama humwita mmbeya.

3. Jana nilifika wa saba. Nikapiga chafya, nikawa wa nane. Wote waliniambia pole, na hakuna aliyemaanisha chafya.

4. Mleta nyuzi sasa ananiita Mkia. Mteja naye alichungulia dirishani, akausoma ubao, akaomba shati lake lisiguswe na wa nane. Nilikuwa nimelishika.

5. Kubwa kuliko yote, Jumamosi Shangazi atachagua mmoja wa kubaki kati yetu wanafunzi wawili: mimi au Radi, yule msichana anayenitangulia ukutani, ambaye cherehani yake haipoi. Na Shangazi hakagui tena mishono. Anakagua ukuta.

Kwa hiyo naomba ubao ufundishwe kusitasita. Ikishindikana, upange watu kwa ukimya. Hapo nitakuwa wa kwanza. Lakini nitaona haya, basi uniweke wa pili.

Wasalimie wifi, watoto, na jirani anayekuazima ngazi.

Mdogo wako mtiifu,
Wa Nane

Baada ya kutia sahihi: Kaka, nimempita Radi! Uzi wake ulikatika. Shangazi akainua macho, ubao ukachelewa kama kupepesa jicho, naye akarudia mkasi wake kabla hajaniona nimepanda. Alipotazama tena, Radi alikuwa ameshanipita. Ubao gani huu mzito hivi? Uongeze kasi kabla ya Jumamosi. Na uweke kengele.